Jiwe la Jokia

Breki ya mkono ya gari letu, Uazi kuukuu,
ilikuwa kama ahadi ya mlevi:
ukiivuta inakuitikia, krrr, krrr, krrr,
ukimpa kisogo imeshasahau.

Kwa hiyo baba mkwe, Jokia, alikuwa na jiwe.
Jeusi, la mto Enguri, upande mmoja bapa kama kabari.
Miaka ishirini na sita lilisafiri chini ya kiti cha abiria,
na kila tulipofika, mtu alishuka nalo kwanza,
kabla ya mzigo, kabla ya salamu.
Watoto wa nyumba yetu walijua kuweka jiwe nyuma ya gurudumu
kabla hawajajua kufunga kamba za viatu.

Jumanne nililisahau.
Nilikuwa na magunia mawili ya unga,
mlango wa Darejan u wazi, harufu ya mkate inaniita.
Gari likaondoka bila kuaga.
Hatua kumi na moja (nilizipima baadaye),
likawapita kuku, likaupita mkokoteni wa nyasi,
likaenda kuuegemea mnara wa mawe
ambao mababu waliujenga kuzuia maadui,
nao ukalizuia, bila hasira.
Darejan akajishika kichwa. Mimi nikacheka,
kisha magoti yakanikatalia.

Kaza kebo, walisema wanaume.
Kebo! Jokia alikaza, mume wangu akakaza,
nati imefika mwisho wa uzi wake,
haina pa kwenda.

Jumamosi nikaingia uvunguni, mgongo juu ya gunia,
Mzevinar wa dada yangu akinishikia tochi,
akimulika kila mahali isipokuwa nilipo.
Ajabu ya gari hili ni kwamba breki ya mkono haishiki magurudumu:
inashika shafti, nyuma kabisa ya giaboksi,
ngoma moja tu, ukubwa wa sufuria ya maharage.
Kuifikia ni lazima ufungue shafti,
na ukifungua shafti, gia na magurudumu ya nyuma vimeachana.
Nikamwambia mtoto: lete jiwe.
Tafuta na la pili.

Bolti nne. Moja ilinigomea nusu saa
kwa maneno ambayo sasa Mzevinar anayajua.
Ngoma ikatoka kwa nyundo ya mbao,
na ndani hapakuwa na kilicholegea.
Palikuwa na mafuta,
meusi, mazito, yenye kunuka kiberiti,
yaliyovuja kwenye sili iliyochoka, tone, tone,
yakavilowesha viatu vya breki hadi mfupa.
Miaka yote ile tulivuta,
na iliposhindikana tukavuta zaidi,
kitu kilichokuwa kinateleza.

Sili mpya ilitoka Zugdidi mfukoni mwa dereva wa barua,
pamoja na viatu vipya na salamu za shangazi yake.
Ngoma nikaiosha kwa petroli, nikaipiga msasa
mpaka mng'ao wa mafuta ukaupisha mng'ao wa chuma.
Skrubu nikaikaza hadi ngoma ikagoma kuzunguka kwa mkono,
nikairudisha kidogo,
kiasi cha kuisikia ikinong'ona inapopita.
Kebo, nikailegeza.
Nati ikarudi pete baada ya pete
mpaka mahali ambapo hata Jokia hakuikumbuka.

Jioni tukapanda mteremko wa kanisa.
Nikavuta: meno manne. Nikaondoa mguu.
Likarudi nyuma upana wa kidole,
kama mtu anayejiweka sawa kitandani,
ndiyo tabia ya breki za shafti,
kisha likatulia.

Mzevinar alikwisha shuka.
Ameinama nyuma ya gurudumu, jiwe mikononi, ananitazama.
"Nisiweke?"

Nikautazama mkono wa breki. Nikalitazama bonde,
na paa la Darejan kule chini, moshi wake umenyooka.

"Weka," nikasema.