Rangi ya Bunduki ya Uongo

Tumbo lake ni drya ya saluni,
mtutu ni bomba la maji la nusu inchi,
darubini ni kopo la dawa ya mbu.
Mchezo wetu ni Jumamosi, ukumbi wa shule, Nkuhungu:
mtu wa sayari ya nne anashuka
kudai maji yote ya Makutupora,
na silaha yake bado ni ya waridi.

Nikampelekea Chilongani, Kizota,
anayepulizia rangi malori ya alizeti.
Kaigeuza, kacheka kwa pua:
"Hii nikupe fedha, ing'ae kama rimu."
Akapuliza kipande cha bomba kwa mfano.
Iling'aa kweli. Iling'aa
kama kombe la mashindano ya diwani,
kama sufuria ya bibi harusi kabla ya moto.
Hakuna aliyewahi kupigana na kitu kile.

Tukajaribu nyeusi, isiyong'aa, nyeusi ya masizi.
Nikatoka nayo barabarani niione juani.
Mgambo wa ghala la mahindi akasimama,
mkono ukashuka taratibu kwenye rungu,
na mama aliyebeba ndoo ya zabibu
akavuka ng'ambo bila kuangalia magari.
Nikaificha nyuma ya mgongo, kosa jingine.
"Ya maigizo! Ya maigizo!"
Nilirudi gereji magoti yamekuwa maji.
Kuna uhalisia mtu hauhitaji
katika mji wenye mageti mengi kama huu.

Siku mbili nilizunguka nikitazama vitu vikuukuu,
kama mtu aliyedondosha sindano.
Mzani wa muuza nyama, Majengo:
rangi imetoka pale tu anapobonyeza kidole
(na wateja wanajua kwa nini).
Cherehani ya jirani: gurudumu limebaki chuma kitupu,
shingo bado nyeusi, bado ina maua.
Komeo la behewa, stesheni,
limelambwa na mikono
mpaka likawa laini kama kokwa ya ukwaju.
Kitu hakizeeki kote.
Kinazeeka kinapoguswa.

"Miaka kumi na saba," Chilongani akasema,
"watu wananiletea kuukuu niwarudishie mpya.
Wewe wa kwanza kunilipa nichakaze."

Nyeusi tuliiacha ikae chini, ikauke.
Juu yake chumvi ya jikoni, chengachenga, penye pembe,
juu ya chumvi kijani,
kijani cha trekta lililosahauliwa Kongwa.
Kisha kitambaa chenye maji: nikasugua,
chumvi ikatoka na ngozi,
madonda meusi yakabaki.
Nikasaga ncha ya penseli,
nikaipitisha kwa kidole kwenye kingo,
ukaja mng'ao wa chuma, mdogo, wenye aibu.
Vumbi jekundu hatukulinunua.
Tuliacha dirisha wazi mchana mmoja wa Agosti,
upepo wa Dodoma ukafanya kazi yake
bila kuulizia malipo.

Ukabaki mpini.
"Lete nimalizie," akasema,
bunduki yake ya rangi mkononi.

Pale kwenye swichi, plastiki ya waridi
ina kibonde kidogo, kimepauka, laini.
Hakuna msasa uliofika hapo.
Ni dole gumba la dada yangu Sechelela:
miaka sita ya moto, baridi, moto,
vichwa vya maharusi wa Chang'ombe na Ipagala,
hadi Machi ile.
Niliweka langu juu yake.
Langu nene. Halikuenea.

Nikamwambia hapo aache.
"Waridi? Kwenye silaha?"

Aliniangalia. Akaiweka chini bunduki yake,
akachana gazeti,
akaufunika mpini polepole, akakunja pembe,
kama mtu anayefunika sahani
ya ambaye hajarudi kula.

Jumamosi mtu wa sayari ya nne
atasimama jukwaani adai maji yetu,
na dole lake, bila yeye kujua,
litakuwa hapo.