Alama ya Kidole

Saa tisa usiku, Torshavn.
Upepo unagonga dirisha kama mdai.
Rannvá amevaa sweta la marehemu mamaye,
chai imepoa,
na pampu namba mbili, chini ya bahari,
ndani ya handaki la kwenda Sandoy,
imenyamaza.

Anabisha hodi kwa njia aijuayo.
Hapeleki nywila. Nywila ni neno,
na neno likishatoka lina miguu;
kuta zina masikio, na waya huu
unapita majumba ya watu asiowajua.
Ana funguo mbili, pacha zisizofanana:
mmoja ameuacha kule, wazi, atazame atakaye;
wa pili haujatoka humu, wala hautatoka.
Mashine ya kule haijauona hata siku moja.
Inampa fumbo, analifumbua, mlango unafunguka,
na wanayosemezana njiani
ni mchele na mchanga kwa mdukuzi.

Ndivyo ilivyo siku zote.
Usiku huu, kabla ya fumbo, kioo kimeandika:

ALAMA YA KIDOLE CHA MWENYEJI IMEBADILIKA.
HUENDA KUNA MTU KATIKATI.

Sisi tulifunzwa: hodi mara tatu,
ukikosa jibu, geuka uende zako.
Hatukufunzwa la kufanya
ukiitikiwa karibu na sauti ngeni.

Lipo jibu la wavivu:
futa alama ya zamani, sema ndiyo, ingia.
Maji yanapanda, sentimita nne kwa saa.
Kidole chake kimetua juu ya kitufe
kama inzi juu ya kidonda.

Kikaondoka. Akachukua simu.

Sjúrður aliitika kama mtu aliyelala na viatu.
"Mashine ya handakini. Umeigusa?"
Kimya. Kikohozi.
"Diski ilikufa jana. Nimeweka mpya.
Nilikuwa nikwambie."
"Nisomee alama yake."
"Yote?"
"Yote."

Akashuka ngazi na tochi, na miwani isiyo yake.
"Ka kubwa. Saba. Te ndogo. Jumlisha.
Halafu o."
"O, au sifuri?"
"... Sifuri. Ina mkato tumboni."
Herufi arobaini na tatu,
moja moja, kama mtu anayehesabu chenji
mbele ya mwenye duka asiyemwamini.

Aliyetaka kusikiliza simu na asikilize.
Alama si siri; hata ikitangazwa sokoni
haimfungulii mtu mlango.
Alichokihitaji Rannvá ni kile kikohozi,
cha miaka kumi na mmoja ya sigara,
ambacho hakuna mtu katikati
angeweza kukiiga.

Ya mwisho ikalingana na ya mwisho.
Akaandika ndiyo.
Amri moja, fupi.
Kisha akaisikia, si kwenye kioo,
kwenye simu, nyuma ya pumzi za Sjúrður:
pampu ikijikwaa, ikikoroma, ikishika kazi.

"Ala," akasema Sjúrður.
Halafu akauliza kama kesho ni Jumanne.