Namba Arobaini na Saba

Niliipaka kwa rangi nyekundu ukutani kwa Dhansari,
kule Rolpa, barabara ipate pa kupita.
Jumamosi akaisiriba kwa udongo na samadi ya ng'ombe.
Nikapaka. Akasiriba.

Fomu yangu ilikuwa na safu ya mawe, ya mabati,
ya miti ya matunda;
ya kizingiti alichokalia akimnyonyesha Birman, haikuwamo.
"Basi andika *mengineyo*," akasema, akanimiminia chai.

Katapila lilipokwisha kupita
nilishuka bondeni kukagua nyumba mpya.
Saruji ilikuwa bado mbichi.
Juu ya mlango, kwa masizi ya chungu,
kwa mwandiko wake mwenyewe: 47.

"Birman yuko Doha," alisema.
"Ndiyo anwani niliyompa kwenye simu."