Usanifu

Nilipompigia shangazi Mgeni, Mtambwe,
kumwambia mwaka huu nasoma usanifu wa kompyuta,
alinyamaza hata nikadhani salio limekwisha.
Kisha: "Wee Shaame, unanisanifu?"
La, shangazi. Usanifu.
"Aa. Basi utanijengea choo."
Si usanifu huo.
"Si huo. Sasa upi?"
Sikuwa na jibu. Ilikuwa Jumatatu, wiki ya kwanza.

Jumanne, saa mbili, Tunguu, chumba cha chini,
feni moja inazunguka, nyengine inafikiri.
Bi Zuwena akaingia na mashine kuukuu ndani ya kiroba cha unga.
"Imetoka ofisi ya uhasibu, Chake.
Imeshakufa. Leo tunaiosha maiti."
Bisibisi. Skrubu nne zikatoka,
ya tano imeliwa na kutu, akaitukana kwa adabu.
Ndani: vumbi, mayai mawili ya mjusi,
na bamba la kijani lenye vinjia vya shaba.

Mbarouk akasema, kama vichochoro vya mjini.
"Vichochoro hupoteza watu," akajibu.
"Humu hapotei mtu. Humu watu huchelewa tu,
na nusu ya somo hili ni kuuliza
nani kamchelewesha mwenzake."

Akagusa kipande cheusi, ukubwa wa biskuti.
"Huyu hajui kitu.
Hajui barua, hajui picha, hajui mshahara wa mtu.
Anachukua amri, anaisoma, anaitenda,
anachukua nyengine.
Hachoki, wala hasifiwi."

Time, aliyekaa mbele, akanyoosha mkono:
"Na akipewa amri ya kijinga?"
"Ataitenda upesi zaidi kuliko wewe."

Kisha ubaoni. Moja na moja?
Darasa zima: mbili!
"Mbili humu hakuna.
Humu mna sifuri na moja, hawana ndugu wa tatu.
Andika sifuri. Ile moja mpelekee jirani wa kushoto."

Wenzangu wakakunja nyuso.
Mimi nikanusa karafuu.

Nikamwona shangazi kwenye jamvi, magharibi ya msimu,
wachumaji wamepanga foleni na mapakacha yao,
pishi mkononi mwake, midomo inakwenda bila sauti.
Kila pishi ya kumi, kokwa moja ya tende pembeni,
naye huanza tena, moja,
kama aliyesahau yote yaliyopita.
Hakusahau. Kaipa kokwa ikumbuke.
Kokwa zikifika kumi, huziondoa, huweka kijiwe kushoto kwake.
Mchumaji akibisha, hagombani naye,
hunyoosha kidole tu, kijiweni.
Kalamu hajapata kuishika.

Hapo umeme ukakatika.
Feni ya pili ikamaliza kufikiri.
Mbarouk, mwenye kompyuta isiyo na betri,
akabaki anatazama kioo cheusi:
"Niliyoyaandika?"
"Uliyahifadhi?"
Kimya.
"Basi yamekwenda. Ya mezani si ya kabatini.
Meza ni karibu, mkono unafika mara moja,
lakini upepo nao unafika."
Akachukua chaki, akaendelea gizagiza,
mkono mweupe mpaka kwenye kiwiko cha baibui.

Usiku nikapiga tena.
Shangazi, ule usanifu.
"Enhe."
Zile kokwa zako za tende.
"Zimefanya nini?"
Ndizo. Ndizo wanazotufundisha,
kompyuta nayo huweka kokwa pembeni.
Akakaa kidogo. Nikasikia maji yakichemka kwake.
"Ya kumi?"
Wao huweka ya pili.
"Ya pili!" Akacheka mpaka akakohoa.
"Kila mbili, kokwa? Watu hao tende wanazitoa wapi?"
Kisha, kwa sauti ya mtu wa kazi:
"Na siku ikisha, nani anazifagia?"

Nikafungua daftari,
nikaliandika swali hilo kama lilivyo,
nimpelekee Bi Zuwena Alhamisi.