Betri ya Saa

Baridi ya Gyumri haipigi hodi.
Nilifika kwa Bi Hripsime vidole vimekufa ganzi,
bisibisi mfukoni zikigongana na chenji,
nikakuta kompyuta imetandikwa kitambaa cha kufuma
kama mgonjwa asiyetakiwa kupigwa na upepo.

"Haipati mtandao," akasema. "Mwanangu Mushegh
yuko Krasnodar, tangu Jumapili sijamwona uso.
Nimeizima, nimeiwasha. Nimeizima, nimeiwasha.
Nimeipiga pia, kidogo, ubavuni. Nakiri."

Nilianza na yaliyo karibu:
kebo imekaa, taa ya kijani inakonyeza,
kisanduku cha mtandao hakina neno.
Nikafungua skrubu nne; ya tano haikuwapo.
Ndani, masizi ya jiko la kuni, vumbi la miaka,
na manyoya meupe yamejisokota kwenye feni.
"Bambak," nikamwambia paka, "nusu yako imo humu."
Akanitazama jinsi mwenye nyumba amtazamavyo mpangaji.

Nikapangusa kwa brashi ya rangi,
nikachomoa vijiti vya kumbukumbu,
nikavisugua kwa kifutio cha shule,
nikavirudisha mpaka vikalia ta!
Feni ikazunguka kwa pumzi ya mtu aliyetua mzigo.
Mtandao, bado. Kila ukurasa uliniambia
cheti chake cha usalama hakijaanza kutumika,
eti nimekuja mapema.

Mapema?
Nikatupa jicho kwenye kona ya skrini, chini kulia:
Januari mosi, elfu mbili na tisa,
saa sita na robo usiku.
Nje, jua la Machi lilikuwa likichuruzisha theluji mapaani.

"Ah, huo," akasema, "ndio ugonjwa wake mzuri.
Kila nikiiwasha ni mwaka mpya.
Naitakia heri, naketi.
Mwaka ule Zaven alikuwa kwenye kiti hicho ulichokalia,
akivunja jozi kwa bawaba ya mlango,
maganda kila mahali, nami nikigomba.
Nikigomba!
Sasa jozi zimo kabatini, nzima.
Iliyovunjika ni nyingine."

Nikamweleza: kuna betri ndani, bapa kama sarafu,
kazi yake kushika saa mashine ikilala bila umeme.
Imekwisha. Mashine haijui leo ni lini,
basi inarudi siku ya kwanza iliyofundishwa kiwandani.
Betri mpya ni bei ya mikate miwili.

"Na nikiiacha?"

Ukiiacha, mwaka mpya utabaki nao.
Ila Mushegh hawezi kukupigia humo;
mwaka huo bado ni mvulana wa shule,
yuko chumba cha pili, amelala.

Kahawa ikafura, ikamwagikia jiko. Hakuinuka.
"Weka," akasema.
Kisha, "Ngoja."
Kisha, "Weka."

Nikabonyeza kijino, sarafu ikaruka.
Nikaingiza mpya, maandishi juu,
nikaanza kupandisha mwaka kwa kitufe, mmoja mmoja:
wa kumi, wa kumi na moja, wa kumi na mbili.
Ulipofika wa kumi na saba alinishika bega.
Nikasimama hapo kidogo. Sikuuliza.
Mkono ulipolegea, nikaendelea.

Mushegh akatokea, amekonda, ndevu hazijaamua,
akalalamika kwamba sauti inakwaruza,
akauliza mama amekula nini. Nikakusanya vyangu.
Mlangoni nikaacha maagizo: isifunikwe ikiwa inafanya kazi,
na paka asilale kwenye tundu la hewa.
La paka hakuniahidi.

Jioni, kwa mwokaji, nikamwaga chenji juu ya meza.
Mama yule akahesabu kwa kidole chenye unga,
akasukuma moja kurudi kwangu.
"Hii si pesa."

Nikaigeuza chini ya taa. Kweli, si pesa.
Nikaitia mfuko wa pili, peke yake.