Ukurasa wa Tatu wa Fomu

Olomouc, Januari. Katika jumba la vikaragosi
Zdislava amewasha hita moja tu.
Fomu inadai: *Elezeni hasara yenu,
maneno yasizidi mia mbili.*

Anaandika: paa. Bili ya umeme. Viti arobaini
tulivyomuuzia mwenye baa.
Haandiki kwamba Bohumil, aliyempa mfalme wa mbao
sauti kwa miaka ishirini na sita,
sasa anaendesha tramu namba nne
na vituo anavitangaza kifalme,
hata abiria huinua macho.

*Wanufaika wangapi?*
Anahesabu watoto, anafuta, anahesabu upya.
Nondo hawamo, ingawa wamelila joho la malkia
hadi mkandani.

Machi, barua: nusu ya walichoomba.
Kidogo si haba, akasema mhasibu.
Wakaziba paa. Wakalipa umeme.
Nyuzi hazilipiwi, kifungu cha saba;
nyuzi huisha.

Jumapili, zamu ilipokwisha,
Bohumil akaingia na sare yake ya tramu,
mfukoni kamba za viatu, nyeusi, jozi tano.

Mfalme akasimama.
Goti moja bado linalegea.