Mahali Nisipoweza Kusahau

Ilianza na skrubu moja,
fupi kama punje ya mtama, kichwa kimelika,
ile inayobana mguu wa cherehani ya Somoe.
Niliitoa Jumanne baada ya adhuhuri,
nikaishika hivi, kidole kwa kidole,
nikajiambia kwa sauti, masikio yangu yakisikia:
Hii, Bunu, iweke mahali usipoweza kusahau.

Nikaiweka.

Leo Alhamisi. Harusi kesho kutwa.
Magauni saba yamekatwa, hayajashonwa,
na Somoe amesimama mlangoni,
bega la buibui limeshika chokaa ya ukuta wangu.
Haulizi neno. Anatazama tu.
Afadhali angeuliza.

Kiwanda changu kilikuwa jiko la bibi,
chumba cha chini, Langoni, mchana lazima uwashe taa.
Waliojenga waliacha zidaka ukutani kwa sahani za China;
mimi nimetia beringi, brashi za mota, koili iliyoungua,
na kikombe kisicho mkono
kimejaa nati zilizofiwa na bolti zao.
Kila kidaka nilikipa kazi.
Hakuna hata kimoja kinachoikumbuka.

"Mara ya mwisho uliiona wapi?"
anauliza Mwanamkuu kutoka juu ya ngazi.
Mke wangu, ningalijua wapi,
isingalikuwa mara ya mwisho.

Namwaga mkebe wa Kimbo juu ya mkeka:
misumari, washa, ufunguo wa kufuli lililokwisha kuuzwa,
jino.
La nani? Sijui. Nalirudisha.
Nachungulia chini ya jiriwa, ndani ya viatu,
namkung'uta paka mkia, maskini, labda imemnasa.
Wanasema mtafutaji hachoki, akichoka keshapata.
Mimi nimechoka. Sijapata.

Naivuta meza.
Nyuma yake, imelala kwenye utando na unga wa mbao,
tupa.
Tupa ile niliyosema kaichukua Famau.
Nilisema barazani, mwaka juzi, watu wanasikia:
"Huyu haazimi, huyu anahamisha."
Kesho yake alikuja na tupa mpya, bado ina mafuta ya dukani,
akaiweka hapa, juu ya meza hii, akaenda zake.
Tangu siku hiyo salamu zetu ni za safu ya msikitini,
bega kwa bega, macho mbele.

Sasa ninazo mbili.
Hii mpya sijawahi kuitumia hata siku moja.

Naifunga kwa gazeti. Nampisha punda wa mchanga,
nampisha wa pili, natamani wangekuwa kumi.
Famau amechutama mbele ya friji lililo wazi tumbo.
"Nimeiona," nasema.
"Nini?"
"Tupa."
Anaendelea kufungua bomba.
Natafuta neno la kumwambia;
nalo, naona, niliwahi kuliweka
mahali nisipoweza kusahau.

Anafuta mikono, polepole, kila kidole.
Anavuta droo, anatoa spana namba kumi
yenye utepe wa buluu mkiani. Utepe wangu.
"Hii yako. Hukuwahi kuiulizia."
"Nilidhani nimeipoteza."
"Ndivyo nilivyotumai," anasema,
na kwanza tunanyamaza wote wawili,
halafu bega lake linaanza kutikisika.

Skrubu alinipa ya cherehani iliyokufa,
ndefu kidogo. Nikaikata kwa msumeno,
nikaisawazisha kwa tupa. Ile ya zamani.
Usiku kucha nasikia Somoe anashona, nyumba ya tatu.

Ile yake mwenyewe haijaonekana bado.
Ipo. Mimi ndiye niliyeiweka.